Umebadilisha Python ya Ubuntu, sasa terminali haifunguki

Jumamosi moja asubuhi binti wa mwaka wa pili chuoni alinifuata Sinza, kompyuta mpakato kaikumbatia kifuani.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mdogo wangu. Imekuwaje?"

"Terminali haifunguki. Nikiibofya inazunguka kidogo, halafu kimya. Tangu jana usiku. Wenzangu wameniambia nifute Ubuntu yote nianze upya."

Ubuntu ni mfumo unaoendesha kompyuta yake, na terminali ni dirisha la kuandikia amri. Kuanza upya maana yake ni kupakua faili la Ubuntu 24.04 lenye zaidi ya GB 5 kwa bando la simu, kutafuta flashi, kuhamisha kazi za mwaka mzima, na kuomba Mungu umeme usikatike katikati. Wakati kilichoharibika kwenye kompyuta yake kilikuwa kiungo kimoja tu, yaani jina linaloelekeza kwenye faili jingine, kikarudi mahali pake kwa amri mbili. Naandika haya kwa ajili ya yule asiye na mtu wa kumfuata, asije akafuta kompyuta yake bure.

Mifano yangu ni ya Ubuntu 22.04, ambayo huja na Python 3.10 (Python ni lugha ya kuandikia programu), kwa mtu anayetaka kutumia 3.12. Kama una 20.04, ya kwako ni 3.8. Kama una 24.04, tayari ni 3.12. Badilisha namba zifuate kompyuta yako, na hili si dogo: ukinakili amri zangu kama zilivyo kwenye 24.04 utajiharibia.

Kabla ya kugusa chochote: unazungumzia Python ya nani?

Toleo la chaguo-msingi ni lile unaloletewa ukiandika `python3` bila kutaja namba nyingine. Watu wanaongea kana kwamba liko moja, na hapo ndipo matatizo karibu yote ninayoletewa yanapoanzia. Kuna Python ya mfumo, ambayo Ubuntu yenyewe inaitegemea. Kuna ile ambayo terminali yako inaiona kwanza. Na kuna ya mradi wako, ambayo ndiyo pekee unayopaswa kuichagua unavyotaka.

Chukua nyumba ya kupanga kule Manzese, wapangaji sita, mita ya LUKU moja. Ukitaka mwanga mkali zaidi chumbani kwako unabadilisha balbu yako. Huendi kufungua mita ya nyumba nzima. `/usr/bin/python3` ndiyo mita. Terminali, programu za kusasisha mfumo, amri ya kuongeza hazina mpya za programu, wote ni wapangaji wake. Mradi wako ni chumba.

Kwa hiyo, dalili yoyote iwayo, anza na amri hizi tatu. Zinasoma tu, hazibadilishi kitu:

```
type -a python3
ls -l /usr/bin/python3
python3 -c "import sys; print(sys.version), print(sys.executable)"
```

Ya kwanza inakuorodheshea kila `python3` ambayo terminali inaijua, kwa mpangilio inaoufuata kuitafuta. Ya pili inaonyesha Python ya mfumo imeelekezwa wapi. Ya tatu inamuuliza mwenyewe anayeendesha: wewe ni toleo gani, na unakaa wapi? Majibu yaandike pembeni. Nimeona mtu akihangaika siku nzima na toleo ambalo wala halikuwa likitumika.

Dalili: terminali haifunguki, au `apt` inalalamika kuhusu `apt_pkg`

Hii ndiyo kubwa, na ndiyo iliyompata yule binti. (`apt` ni amri ya Ubuntu ya kuweka na kusasisha programu, na `sudo` huendesha amri kwa ruhusa ya msimamizi.) Alitaka 3.12 kwa ajili ya kazi ya kikundi, akaiweka vizuri kabisa, halafu akafuata maelekezo yanayosema hivi:

```
sudo update-alternatives --install /usr/bin/python3 python3 /usr/bin/python3.12 1
```

Amri haikulalamika. `python3 --version` ikamjibu 3.12, akafurahi, akafunga terminali. Haikufunguka tena. Angeendesha `sudo apt update` kabla ya kuifunga, angekutana na mstari huu mwishoni:

```
ModuleNotFoundError: No module named 'apt_pkg'
```

Chanzo chake unaweza kukiona kwa macho. Programu za Ubuntu zilizoandikwa kwa Python huchukua maktaba zao kwenye folda moja, `/usr/lib/python3/dist-packages`. Ukiorodhesha yaliyomo utakuta faili lenye jina hili:

```
apt_pkg.cpython-310-x86_64-linux-gnu.so
```

Itazame ile `310`. Faili hilo limekwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine kwa ajili ya Python 3.10 peke yake. Python 3.12 ikifika kwenye folda inatafuta lenye `312`, hailioni, inasema maktaba haipo. Faili lipo, ila halikuandaliwa kwa ajili yake. Terminali ya Ubuntu 22.04 nayo inakwama vilevile, kwa sababu `/usr/bin/gnome-terminal` ni skripti ya Python inayohitaji maktaba iitwayo `gi`, na sehemu ya maktaba hiyo, `_gi`, nayo ina `310` kwenye jina lake.

Utarekebishaje wakati terminali yenyewe haifunguki? Kama una VS Code, programu ya kuandikia msimbo, fungua terminali iliyo ndani yake. Haipitii kwenye `gnome-terminal`, hivyo itafanya kazi. Kama huna, bonyeza Ctrl+Alt+F3. Skrini itakuwa nyeusi na kukuuliza jina na nywila. Usiogope, ni kompyuta yako ileile bila madirisha. Nywila haitaonekana unapoiandika, wewe andika tu. Ukishaingia, thibitisha kwanza:

```
ls -l /usr/bin/python3
```

Ukiona imeelekezwa `/etc/alternatives/python3`, umempata mhusika. Irudishe:

```
sudo update-alternatives --remove-all python3
sudo ln -sf python3.10 /usr/bin/python3
```

Kisha `python3 --version` ijibu 3.10, na `sudo apt update` iishe bila malalamiko. Rudi kwenye madirisha kwa Ctrl+Alt+F2, ikikataa jaribu F1. Kama uliharibu kwa `ln` na si kwa `update-alternatives`, mstari wa pili peke yake unatosha.

Utakutana na ushauri mwingine: ubadilishe mstari wa kwanza wa `gnome-terminal` usomeke `python3.10`, au ulitengenezee lile faili la `apt_pkg` kiungo chenye jina lisilo na namba ili 3.12 ilikubali. Nakuomba usifanye. Wa kwanza unafungua terminali lakini unawaacha wapangaji wengine wote gizani, na `gnome-terminal` ikisasishwa mstari wako utafutwa. Wa pili ni mbaya zaidi, kwa sababu unailazimisha Python kupakia msimbo wa mashine ambao haukutengenezwa kwa ajili yake, na siku ikianguka haitakuambia sababu.

Kuna ajali moja kubwa kuliko hii: `sudo apt remove python3`, kwa nia ya kuondoa "ya zamani". Kabla ya kutekeleza, `apt` hukuonyesha orodha ya vitakavyoondoka pamoja nayo. Ukiona `ubuntu-desktop` humo, jibu `n` hapohapo. Kama umeshajibu ndiyo, tafuta intaneti, ingia kwa Ctrl+Alt+F3, na uandike `sudo apt install ubuntu-desktop`. `apt` yenyewe haikuandikwa kwa Python, ndiyo maana huwa bado iko hai kukusaidia.

Dalili: nimeweka 3.12 lakini `python3 --version` bado inasema 3.10

Hili si kosa. Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Jaribu `python3.12 --version`, ikijibu, kazi imekwisha. Unachohitaji sasa ni kuiambia miradi yako itumie hiyo, na kompyuta iendelee na yake.

Yule binti alipoondoka hakuwa amepoteza 3.12 yake. Tulifanya hivi ndani ya folda ya kazi ya kikundi:

```
sudo apt install python3.12-venv
python3.12 -m venv venv
source venv/bin/activate
python --version
```

Ikajibu 3.12. Folda ya `venv` ni Python iliyojitenga, yenye maktaba zake na `pip` yake, yaani amri ya kuweka maktaba. Ukiwa umeiwasha, `python` na `python3` zote mbili ni 3.12; ukiandika `deactivate` unarudi kwenye 3.10 ya mfumo. Tulifungua terminali mpya pembeni makusudi, aone kwamba inafunguka.

Kama 3.12 yenyewe huna, hazina ya deadsnakes inayo kwa ajili ya Ubuntu 22.04:

```
sudo add-apt-repository ppa:deadsnakes/ppa
sudo apt update
sudo apt install python3.12 python3.12-venv
```

Hiyo `add-apt-repository` nayo ni skripti ya Python, kwa hiyo haitafanya kazi kama bado hujarekebisha dalili ya kwanza.

Dalili: `python3` imegeuka 3.12 lakini sijagusa `/usr/bin`

Hapa `type -a python3` ndiyo inayokuokoa. Ukiona `/usr/local/bin/python3` juu ya `/usr/bin/python3`, basi ulipakua Python kama msimbo ghafi, ukaijenga mwenyewe, ukamalizia na `make install`. Terminali hutafuta `/usr/local/bin` kwanza. Mfumo wako haujaharibika, maana skripti za Ubuntu zinaitaja `/usr/bin/python3` kwa jina kamili. Lakini skripti zinazoanza na `#!/usr/bin/env python3` zitachukua ile mpya, na nusu ya kompyuta itakuwa na tabia moja na nusu nyingine tabia nyingine. Ondoa kiungo cha `/usr/local/bin/python3`; `python3.12` itabaki. Siku nyingine malizia na `make altinstall`, ambayo haigusi jina `python3`.

Kama `type -a` inataja neno `alias`, yaani jina la mkato la amri, fungua `~/.bashrc` uone ulichoandika humo. Alias inaonekana na wewe tu unapoandika kwa mkono, skripti haiijui. Na kama umefuta kitu na terminali bado inakitafuta palepale, andika `hash -r`, kwa sababu bash, programu inayosoma amri zako ndani ya terminali, hukumbuka ilikoikuta amri mara ya mwisho.

Dalili: `python: command not found`

Tangu Ubuntu 20.04 hakuna amri iitwayo `python` peke yake. Zamani ilimaanisha Python 2, na Python 2 iliacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Tumia `python3`, au weka kifurushi `python-is-python3`. Ndani ya venv tatizo hili halipo kabisa.

Dalili: `pip` imesema imefanikiwa, lakini nikiendesha naambiwa maktaba haipo

`pip` uliyoitumia ni ya Python nyingine. Iulize:

```
pip --version
```

Kwenye Ubuntu 22.04 itajibu `pip 22.0.2 from /usr/lib/python3/dist-packages/pip (python 3.10)`. Soma maneno ya mwisho: imeweka maktaba kwa 3.10, wewe unaendesha kwa 3.12. Jizoeze kuandika `python -m pip install` badala ya `pip install` tupu, ili anayeweka na anayeendesha awe mmoja.

Lakini hapa kuna shimo. Ukiandika `python3.12 -m pip` nje ya venv kwenye Ubuntu 22.04, unaweza kupata `No module named 'distutils'`. Ile `pip` ya mfumo ilitengenezwa wakati `distutils`, maktaba ya kufungashia programu, bado ipo, na `distutils` iliondolewa kwenye Python 3.12 iliyotoka Oktoba 2023. Ndani ya venv hutaliona tatizo hili, kwa kuwa 3.12 inakuja na `pip` yake inayoielewa.

Ukikutana na `distutils` ndani ya venv, tatizo limehamia kwenye maktaba ya zamani unayoitumia. Jaribu kwanza kuisasisha. Ikishindikana, `python -m pip install setuptools` huleta `distutils` mbadala. Na kama mradi ni wa zamani kiasi kwamba kila ukiziba hapa panavuja pale, upe mradi huo venv ya 3.11. Toleo sahihi kwa mradi ni lile ambalo mradi unaendeka nalo, na lile litakalokuwa kwenye seva. Angalia tu kama bado linahudumiwa: 3.8 ilifikia mwisho Oktoba 2024, na 3.10 inafikia mwisho wake Oktoba 2026.

Dalili: `error: externally-managed-environment`

Utaiona Ubuntu 23.04 na kuendelea, na Debian 12. Ni mlinzi aliyewekwa kwa sababu ya yale yote niliyoeleza juu: `pip` inakatazwa kumwaga maktaba kwenye Python ya mfumo. Ujumbe wenyewe unataja `--break-system-packages`, na jina limesema wazi kitakachotokea. Wengine wanashauri ufute faili la `EXTERNALLY-MANAGED`. Vyote viwili viache, tengeneza venv.

Dalili: venv ilikuwa inafanya kazi, ghafla kila maktaba haipo

Uliza kwanza kama umehama toleo la Ubuntu. Venv iliyotengenezwa kwa `python3` ukiwa 22.04 ilielekezwa `/usr/bin/python3`. Umehamia 24.04, kiungo kilekile sasa kinaishia kwenye 3.12, wakati maktaba zako zimo ndani ya `venv/lib/python3.10`. Hazitasomwa.

Au umehamisha folda, au umeinakili kwa flashi kutoka kwa mwenzako wa Kimara. Venv huandika njia kamili za mahali ilipozaliwa, haihamishiki. Kwa vyovyote vile usijaribu kuitibu. Kinachosafiri ni orodha, nayo huandikwa mapema, venv ikiwa bado nzima:

```
python -m pip freeze > requirements.txt
```

Futa folda ya `venv`, itengeneze upya, kisha `python -m pip install -r requirements.txt`. Kama bando ni la kuhesabu, `pip` huhifadhi vifurushi ilivyowahi kupakua, hivyo kwenye kompyuta ileile na toleo lilelile la Python hupakui vyote tena.

Kwa anayetumia Windows

Ukiandika `python` na likakufungukia duka la Microsoft, nenda kwenye mipangilio ya App execution aliases uzime `python.exe` na `python3.exe`. Kuona matoleo uliyonayo, andika `py --list`. Kuchagua, `py -3.12`. Kutengeneza venv ni `py -3.12 -m venv venv`. Windows haitegemei Python kuendesha mambo yake, kwa hiyo hofu ya dalili ya kwanza haikuhusu.

Dalili: nikiendesha kwa mkono inafanya kazi, kwenye cron haifanyi

Ndugu yangu mmoja anauza vifaa vya simu Kariakoo. Skripti yake inasoma mauzo ya siku na kumtumia muhtasari. Akiiendesha mwenyewe, sawa. Usiku, kimya.

Cron, inayoendesha amri kwa ratiba, haisomi `~/.bashrc` yako na haijui kwamba uliwasha venv. Kwa kawaida inatafuta amri kwenye `/usr/bin` na `/bin` tu, kwa hiyo inaikuta Python ya mfumo, ambayo haina maktaba zako. `sudo` nayo ina tabia kama hiyo. Dawa ni kuitaja Python ya venv kwa njia kamili. Hakuna haja ya kuiwasha:

```
0 20 * * * /home/duka/mauzo/venv/bin/python /home/duka/mauzo/tuma.py >> /home/duka/mauzo/cron.log 2>&1
```

Sehemu ya mwisho inaandika makosa kwenye faili, vinginevyo hutajua kilichotokea. Na iangalie ile 20. Yeye alikuwa ameandika 2, akimaanisha saa 2 usiku. Cron huhesabu saa kuanzia usiku wa manane hadi 23, kwa hiyo skripti ilikuwa ikiamka saa 8 usiku, inaikuta Python isiyo yake, inaanguka. Tulirekebisha vyote viwili jioni hiyohiyo, na saa 2 na dakika moja simu yake ikaingia ujumbe akiwa anafunga duka.